Moto wa Mabua: Dawa ya Ngozi Iliyotangulia Maelezo Yake

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kumi na moja alikunywa chai katika kikombe chake peke yake. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Kikombe cha bati kilitundikwa kwenye msumari nje ya jiko, mbali na vikombe vingine, na sisi watoto tulijua bila kuambiwa kwamba hakiguswi. Kwenye viwiko, magotini na mgongoni alikuwa na mabaka yaliyofunikwa na magamba meupe, ambayo yalipukutika kama unga kila alipovua shati. Wapo waliosema ni ukoma. Wapo waliosema ni laana ya shamba alilolinunua kwa ndugu waliokuwa wakigombania urithi. Zahanati ilimpa dawa ya fangasi, ikampa tena, ikampa mara ya tatu. Alipopata jina sahihi la ugonjwa wake, yaani soriasisi, alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekwisha kupinda kiasi kwamba hakuweza kushika chaki.

Mimi si daktari. Ninafundisha historia, na kwa muda mrefu niliamini kwamba habari ya baba mdogo ilikuwa habari ya ujinga wa kijiji. Nilipoanza kusoma historia ya ugonjwa wenyewe nikagundua kwamba nilikuwa nimekionea kijiji. Wataalamu wa Ulaya walihangaika karne nyingi katika makosa yaleyale, na dawa mbili kati ya zile zilizokuja kuwasaidia wagonjwa ziligunduliwa na watu ambao maelezo yao yalikuwa na kasoro, au hawakuwa na maelezo kabisa. Moja kati ya hizo ilitangulia maelezo yake kwa karibu miaka sitini. Iliwezekana kwa sababu kuna mtu aliyeitazama ngozi ya mgonjwa kwa makini, akaandika alichokiona, na maandishi yake yakahifadhiwa. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba sisi wa Afrika Mashariki bado hatujaandika vya kutosha, na kwamba gharama ya kutoandika hulipwa na watu kama baba mdogo.

Jina kabla ya dawa

Katika vitabu vya kale vya tiba, neno la Kigiriki lepra lilimaanisha magamba tu. Lilitumiwa kwa maradhi mengi ya ngozi, na baadaye likabebeshwa pia ule ugonjwa tunaouita ukoma. Kwa hiyo mtu mwenye magamba yasiyoambukiza aliweza kutengwa pamoja na mtu mwenye ukoma, kwa sababu kamusi iliwaweka chumba kimoja. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Robert Willan wa London aliueleza ugonjwa wa soriasisi kwa umakini mkubwa, lakini bado akaacha jina la lepra likining'inia juu ya mojawapo ya sura zake. Ilikuwa mpaka mwaka 1841, mjini Vienna, ambapo Ferdinand von Hebra aliyakusanya mabaka hayo chini ya jina moja la soriasisi na kuyatenga na ukoma. Miaka 32 baadaye, mwaka 1873, Gerhard Armauer Hansen wa Norwe alikiona kwa hadubini kijidudu kinachosababisha ukoma. Tangu hapo hapakuwa tena na sababu ya kitaalamu ya kuyachanganya maradhi haya mawili.

Kumbe kikombe cha bati kilitundikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya jambo hilo kuamuliwa. Elimu ilikuwapo duniani, ila haikuwa imefika kwenye msumari ule. Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa walizingatie hilo, kwa sababu mara nyingi tunasema elimu fulani "ipo" ilhali maana yetu ni kwamba ipo mahali pengine.

Moto wa aina mbili

Kutenga jina si kueleza sababu. Leo tunajua kwamba soriasisi ni ugonjwa wa mfumo wa kinga. Seli za kinga, ambazo kazi yake ni kupambana na wavamizi, huingia kwenye ngozi isiyo na mvamizi na kuanzisha vita. Hutoa kemikali za kupeana ujumbe, zikiwamo zile zinazoitwa intalukini-17 na intalukini-23, na seli za ngozi zikipokea ujumbe huo huanza kuzaliana kwa pupa. Safari ya seli ya ngozi kutoka chini hadi juu, ambayo kwa kawaida huchukua takriban mwezi mmoja, hukamilika kwa siku chache. Hazipati muda wa kukomaa, zinarundikana, na rundo hilo ndilo magamba. Joto, uvimbe na maumivu yanayoambatana na vita hivyo madaktari huyaita inflamesheni.

Vita huhitaji chakula. Hapa ndipo historia inapotupeleka Berlin katika miaka ya 1920, kwa mtu ambaye hakuwa akichunguza ngozi hata kidogo. Otto Warburg alikuwa akipima namna seli za uvimbe wa saratani zinavyotumia sukari. Seli ya kawaida ikiwa na oksijeni ya kutosha huichoma sukari ya glukosi polepole na kwa ukamilifu, ndani ya vijichumba vyake vinavyoitwa mitokondria. Warburg aliona kwamba seli za saratani, hata oksijeni ikiwapo, zilipendelea kuivunja glukosi nusunusu na kuitupa nje ikiwa asidi ya laktiki. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake kuhusu upumuaji wa seli.

Aliyelelewa jikoni atauelewa upesi tofauti ya njia hizi mbili. Ipo mioto ya gogo na ipo mioto ya mabua. Gogo huwaka taratibu na kutoa joto jingi hadi asubuhi. Mabua ya mahindi huwaka kwa kishindo, yanatoa mwali papo hapo, lakini lazima usimame hapo ukiongeza mengine. Katika seli, njia ya mitokondria hutoa takriban vipande 30 vya nishati kwa kila molekuli moja ya glukosi, ilhali njia ya haraka, iitwayo glikolisisi, hutoa 2 tu. Kwa nini seli ichague hasara? Kwa sababu inapata nishati upesi, na kwa sababu glukosi iliyovunjwa nusunusu huacha mabaki yanayofaa kujengea seli mpya, kama anayebomoa nyumba anavyobaki na matofali. Shughuli zote hizi za kuvunja na kujenga, kuchoma na kuhifadhi, ndizo wanabiolojia wanaziita umetaboli.

Mwanafunzi mmoja wa Warburg, Hans Krebs, ndiye aliyechora ramani ya ule moto wa gogo. Krebs alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilimfukuza kazi katika Chuo Kikuu cha Freiburg, naye akakimbilia Uingereza. Mwaka 1937, akiwa Sheffield, alieleza mzunguko wa kemikali ambao leo unabeba jina lake: asidi moja hugeuka kuwa nyingine, na nyingine tena, hadi duara linakamilika na nishati inatoka. Jarida la Nature lilirudisha taarifa yake bila kuichapisha, akaipeleka kwenye jarida jingine. Mwaka 1953 alipata Nobel. Miongoni mwa asidi zilizomo katika duara lile kuna moja iitwayo asidi ya fumariki, ambayo hupatikana pia katika mmea mdogo wa Ulaya ulioipa jina. Naomba msomaji aikumbuke asidi hiyo.

Mkemia aliyejitibu kwa nadharia yenye kasoro

Mwaka 1959 mkemia wa Kijerumani, Walter Schweckendiek, alichapisha makala fupi katika jarida la madaktari la nchini kwake. Yeye mwenyewe alikuwa na soriasisi. Aliwaza hivi: ikiwa ngozi imeharibika, huenda mzunguko wa Krebs umekwama mahali fulani kwa kukosa asidi ya fumariki, basi nikiirudisha asidi hiyo mwilini, duara litazunguka tena. Asidi yenyewe haifyonzwi vizuri tumboni, hivyo akatumia esta zake, ambazo ni asidi hiyo ikiwa imevishwa vazi jingine la kemikali. Alijijaribia mwenyewe, na akaandika kwamba ngozi yake ilipata nafuu.

Hakuwa daktari, na aliyechunguzwa alikuwa ni yeye mwenyewe. Mwanafunzi yeyote wa mbinu za utafiti angempa alama ndogo. Isitoshe, nadharia yake haikuthibitika: wagonjwa wa soriasisi hawaugui kwa sababu wamepungukiwa asidi ya fumariki. Hata hivyo mabaka yalififia. Daktari Günther Schäfer aliichukua njia hiyo na kuiendeleza kwa wagonjwa. Ilisambaa Ujerumani na Uholanzi, pembezoni mwa tiba rasmi, huku maprofesa wengi wakiitilia shaka. Baadaye yalifanyika majaribio yenye kulinganisha wanaopewa dawa na wasiopewa, na mwaka 1994 Ujerumani ikaidhinisha rasmi mchanganyiko wa esta hizo kwa ajili ya soriasisi kali. Kutoka ngozi ya mkemia mmoja hadi muhuri wa serikali ilikuwa miaka 35.

Mwaka uleule wa 1959, upande wa pili wa Atlantiki, Anthony Sbarra na Manfred Karnovsky walichapisha utafiti kuhusu chembe nyeupe za damu. Walionyesha kwamba chembe hizo zinapomeza wavamizi hutegemea nishati ya glikolisisi, yaani moto wa mabua. Hapakuwa na sababu ya utafiti huo kukutana na makala ya Schweckendiek. Mmoja ulikuwa wa maabara ya biokemia, mwingine ulikuwa wa mgonjwa anayetafuta nafuu. Kila mmoja ulikaa kwenye rafu yake kwa miongo mingi, ingawa nusu ya jibu ilikuwa huku na nusu ilikuwa kule.

Njia ya pili: kutoka Bombay hadi Boston

Dawa ya pili ilifika kwa njia ndefu zaidi, nayo inatugusa zaidi kwa sababu inapita kwa watu wa makoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda India kuchunguza upungufu wa damu uliowaua wajawazito maskini wa Bombay. Aligundua kwamba rojo la hamira lililouzwa madukani liliwaponya. Kitu kilichomo ndani yake kilikuja kujulikana kuwa asidi ya foliki, kirutubisho ambacho seli hukihitaji ili zitengeneze malighafi za kuzaliana.

Aliyeongoza kazi ya kuitengeneza asidi ya foliki maabara, katika kampuni moja ya Marekani, alikuwa Mhindi, Yellapragada Subbarow, mtoto wa Andhra ambaye Chuo Kikuu cha Harvard hakikumpa ajira ya kudumu licha ya kazi kubwa aliyoifanya pale. Kundi lake lilitengeneza pia molekuli zilizofanana na asidi ya foliki kwa sura lakini zilizoziba njia yake, kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli na kukatikia humo. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba molekuli moja ya aina hiyo, aminopterini, iliwapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu. Subbarow alifariki mwaka huohuo.

Mwaka 1951 Richard Gubner na wenzake, waliokuwa wakiijaribu aminopterini kwa wagonjwa wa baridi yabisi, waliripoti kwamba mabaka ya soriasisi yalitoweka. Hawakuwa wakiyatafuta mabaka hayo. Waliyaona, wakayaandika. Kabla ya muongo ule kwisha, ndugu yake aminopterini aliye na madhara yanayotabirika zaidi, methotrekseti, alikuwa ameanza kutumiwa kwa soriasisi, na mpaka leo ndiye tegemeo la wagonjwa wengi maskini duniani. Yumo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hataza yake ilikwisha muda zamani.

Methotrekseti ndiyo dawa iliyomfikia baba mdogo. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kuimeza kila siku kwa bahati mbaya kumekwisha kuua watu katika nchi mbalimbali, na haifai kabisa kwa mjamzito. Yeye aliichagua Jumapili. Alizungushia duara kila Jumapili kwenye kalenda ya ukutani, na shangazi alikuwa na kazi ya kuhakikisha hakuna duara katikati ya wiki.

Rafu mbili zinakutana

Kwa nini, basi, dawa zinazogusa chakula cha seli hutuliza ngozi? Jibu lilianza kukusanyika katika karne hii. Mwaka 2011 jina jipya, lililounganisha kinga na umetaboli, lilipewa nafasi katika majarida makubwa, na fani ikapata anwani. Wachunguzi walionyesha kwamba seli nyingi za kinga zikiamshwa hubadili moto: zinaacha gogo na kushika mabua. Mwaka 2013 kundi lililoongozwa na Luke O'Neill wa Dublin lilionyesha jambo la ajabu zaidi. Asidi nyingine ya mzunguko wa Krebs, suksineti, ikirundikana ndani ya seli iitwayo makrofaji, haiwi tena kuni tu, inakuwa amri. Inaiambia seli itoe kemikali za inflamesheni. Kwa maneno mengine, jiko lilikuwa likizungumza na jeshi.

Mwaka 2018 rafu mbili za mwaka 1959 zilikutana. Watafiti wa Baltimore walichapisha katika jarida la Science kwamba dimethili fumarati, ambayo ndiyo esta kuu katika dawa ya Schweckendiek, hujibandika kwenye kimeng'enya kimoja cha glikolisisi na kukizima. Seli ya kinga iliyokuwa ikiwaka kwa mabua hunyang'anywa mabua, na hasira yake hupungua. Schweckendiek alidhani anaongeza kuni kwenye duara lililokwama. Kumbe dawa yake ilikuwa ikipunguza moto mwingine kabisa. Alikuwa ameelekeza kidole kwenye nyumba sahihi, yaani umetaboli, lakini amebisha mlango usio wake. Wala kimeng'enya hicho si maelezo yote: dawa hiyo huamsha pia mitambo ya seli ya kujilinda na sumu, na hupunguza idadi ya baadhi ya chembe nyeupe, ndiyo maana anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara.

Ipo asidi nyingine, jirani ya hiyo, inayostahili kutajwa hapa kwetu. Mwaka 2013 kundi lililofanya kazi Luxembourg lilionyesha kwamba makrofaji zilizoamshwa hutengeneza itakoneti, na kwamba itakoneti hukwamisha ukuaji wa baadhi ya bakteria, akiwamo yule wa kifua kikuu, kwa kuziba kimeng'enya wanachokihitaji ili kuishi. Miaka mitano baadaye, watafiti wa St. Louis walionyesha kwamba esta ya itakoneti hutuliza ngozi ya panya waliosababishiwa ugonjwa unaofanana na soriasisi. Panya si binadamu, na dawa haijazaliwa hapo. Lakini tazama mpangilio wake: molekuli ileile inahusu magamba ya ngozi na kifua kikuu. Anayesema kwamba utafiti wa ngozi ni anasa ya nchi tajiri, sisi tuna malaria na kifua kikuu, ajue kwamba mwili hauna wizara zilizotengana kama serikali.

Nani hulipa, nani huhesabiwa

Sasa nije kwenye siasa, maana msomaji wa ukurasa huu huisubiri.

Madaktari wa Ujerumani waliotibu soriasisi kwa esta hizo walipata wazo kwamba zingeweza kufaa ugonjwa mwingine ambao seli za kinga hushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo, maltipo sklerosisi. Majaribio yakafanyika, na mwaka 2013 dimethili fumarati ikaidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huo. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa karibu dola 55,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Molekuli hiyo ni rahisi kiasi kwamba viwanda vya samani viliwahi kuiweka ndani ya makochi kama unga wa kuzuia ukungu. Iliwababua ngozi maelfu ya wanunuzi wa Ulaya, na mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku bidhaa zenye unga huo. Kitu kilekile, basi, ni sumu kwenye kochi, ni dawa kwenye kidonge, na ni mali kwenye hataza. Nakiri kwamba majaribio makubwa ya dawa ni ghali na lazima mtu ayagharimie. Lakini wazo la kwanza lilitoka kwenye mwili wa mgonjwa, ramani ya Krebs ilichorwa chuo kikuu na mkimbizi, na uangalizi wa miongo mitatu ulitoka kwenye kliniki za kawaida. Hao hawakuwamo kwenye hesabu ya dola 55,000.

Upande wa kuhesabiwa, mambo yetu ni mabaya zaidi. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza, wenye maumivu na wenye kuleta unyanyapaa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti yake, likikadiria wagonjwa wasiopungua milioni 100 duniani. Katika takwimu zilizokusanywa humo, kiwango cha juu kabisa, zaidi ya asilimia 11, kilitoka Norwe. Kiwango cha chini kabisa, asilimia 0.09, kilitoka Tanzania.

Asilimia 0.09 ni sawa na mtu mmoja katika kila 1,100 hivi. Takwimu hiyo ilitokana na uchunguzi uliofanyika vijijini na kuchapishwa mwaka 1996, na waliokwenda kuifanya kazi hiyo wanastahili shukrani, kwa sababu walikwenda ambako wengine hawakwenda. Inawezekana kabisa kwamba soriasisi ni adimu kwetu kuliko Norwe. Jua na urithi wa damu vyaweza kuchangia. Lakini namba iliyopatikana kwa kukagua vijiji vichache ikibaki ndiyo sura ya taifa zima miaka ishirini baadaye, kosa si la waliohesabu mara ya kwanza. Ni la sisi ambao hatukurudi kuhesabu mara ya pili. Namba ndogo huzaa bajeti ndogo, bajeti ndogo huzaa wataalamu wachache, na wataalamu wachache hawawezi kuwaona wagonjwa ambao wangeikuza namba. Na mgonjwa mwenyewe, akiogopa kikombe cha bati, huvaa mikono mirefu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini pia tuulize nani alimfundisha kuficha.

Msingi upo. Tangu mwaka 1992 Moshi kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho kimewafundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa kuelewa kwamba katika wilaya nyingi macho ya ofisa tabibu ndiyo pekee yatakayoiona ngozi ya mgonjwa. Yaliyobaki si miujiza. Mhudumu wa zahanati akiona magamba yasiyopona kwa dawa ya fangasi baada ya mara moja, aandike na ampeleke mgonjwa mbele, asirudie dawa mara ya tatu. Rejesta ya zahanati iwe na safu ya magonjwa ya ngozi yenye majina, badala ya neno moja "ngozi". Methotrekseti na vipimo vya damu vinavyoambatana nayo vifike hospitali za wilaya bila mgonjwa kuvifuata safari ya siku mbili. Vyuo vyetu vifundishe biokemia si kama orodha ya asidi za kukariri kabla ya mtihani, bali kama historia ya watu waliofukuzwa, waliokosea, na walioandika.

Kwenu wanafunzi, nina ombi dogo zaidi. Kila mwaka nasikia kijana akisema utafiti wake "hauna umuhimu wa moja kwa moja", kwa sauti ya kuomba radhi. Warburg hakujua lolote kuhusu viwiko vya baba yangu mdogo. Sbarra na Karnovsky walikuwa na chembe za damu kwenye vioo vyao. Gubner alikuwa akitibu baridi yabisi. Hakuna aliyeahidi dawa ya ngozi kwenye ombi la fedha. Tukidai kwamba kila utafiti uthibitishe faida yake kabla haujaanza, tutakuwa na ripoti nyingi za faida na tafiti chache. Na kwa wanaharakati: msiache ngozi nje ya madai yenu kwa sababu haiui haraka. Soriasisi huharibu viungo, huenda pamoja na maradhi ya moyo na sonona, na humtoa mtu kazini taratibu, bila cheti cha kifo kinachoweza kuhesabiwa.

Ndani ya miezi minne ya duara za Jumapili, mgongo wa baba mdogo ulikuwa umesafika. Alivaa shati la mikono mifupi kwenye harusi ya binamu yangu, na wapo wageni ambao hawakumtambua mara moja. Vidole havikunyooka, viungo vikishaharibika, dawa haivirudishi. Aliwahi kuniambia kwamba hakumchukia yeyote kwa habari ya kikombe, ila alitamani kujua ni nani aliyekitundika mara ya kwanza. Nimewauliza wote waliobaki hai. Kila mmoja alikikuta kimekwisha kutundikwa.